Kikao cha Kumrudisha Binti Yangu Tanga

Ndugu zangu, miaka miwili nimekaa kwenye viti hivi vya mkutano wetu nikisema binti yangu hana neno, ni mpole tu. Nilikuwa nadanganya. Mtoto alikuwa anazama mbele ya macho yangu, nami nina shahada ya ualimu. Somo la makuzi ya vijana nilifaulu vizuri sana. Chekeni tu.

Tulipohamia huku Queensburgh kutoka Tanga alikuwa na miaka kumi na mitatu. Shuleni walimcheka kwa Kiingereza chake, nyumbani nikamcheka kwa Kiswahili chake. Akaacha kula, akaacha kuzungumza. Kisha akapata rafiki, msichana wa Kizulu ambaye mama yake anashona nguo kiwandani, mtaa wa Jacobs. Kwao alikuwa anacheka. Nilimsikia mwenyewe siku niliyomfuata, nimesimama getini kwao, nikaona wivu. Nikampiga marufuku kwenda.

Hali ikazidi, ukoo ukaketi sebuleni kwangu: wajomba, mashemeji, na baadhi yenu hapa. Msiangalie chini! "Mtoto kaharibika, arudishwe Tanga kwa bibi yake akanyooshwe." Mkayasema hayo mkila sambusa alizokaanga yeye! Hakuna aliyemwita kumuuliza anaumwa wapi. Na mimi msomi nikaitikia, nikakata tiketi ya basi.

Wiki ile ile mama wa yule rafiki akaja na sare yake ya kazi. "Eish, mama," akaniambia, "mwanao anamwambia wangu shuleni kuwa anatamani asiamke tena asubuhi. Nimeshindwa kukaa nalo."

Rafiki niliyemkataza asimwendee ndiye pekee aliyekuwa anamshikilia mwanangu.

Namshukuru mama yule. Namshukuru na nesi wa kliniki nilikompeleka, aliyemsikiliza binti yangu bila kuangalia saa. Nanyi nawaambia: kabla ya kuita kikao juu ya mtoto, mwiteni mtoto.

Lakini siku zile wajomba walikuwa bado wananisukuma nimsafirishe. Nikampigia mama yangu Tanga, tiketi mkononi, nikamweleza yote. "Mpe simu mjukuu wangu," akasema. Mama huongea na simu kwa kelele, nyumba nzima ilisikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Rafiki yako anaitwa nani?"

Mimi na kikao kizima hatukuwahi kuuliza. Binti yangu akalitaja jina, akalia, akalitaja tena.

"Basi baki huko huko aliko. Na umwambie ana bibi Tanga."