Mwalimu Janeffer Chepyegon na Sura ya Sita

Mwalimu Janeffer Chepyegon alizaliwa tarehe 9 Mei 1962 karibu na Litein, binti wa tatu wa wakulima wa majani chai, akasomea shule za hapo nyumbani, akaingia chuo cha ualimu, na kuanzia 1984 akafundisha Kiswahili hadi alipostaafu 2022.

Alifunga ndoa na Mzee Kipkurui tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa Kiplangat na Tecla.

Mwaka 2011 mwanafunzi wake alimweleza mambo aliyokuwa akitendewa na mjomba wake, Mwalimu akampeleka hospitalini na polisi, lakini familia ya msichana ikayamaliza kimyakimya, naye akahamishwa shule. Mwalimu alirudi nyumbani akakaa na viatu miguuni mpaka chai ikapoa, kisha akaanza kuandika riwaya ya vijana. Ilimchukua miaka minne, akifuta zaidi kuliko alivyoandika, kwa kuwa hakutaka msomaji wa miaka kumi na tano aingizwe chumbani kutazama kitendo chenyewe, bali amfuate msichana anayetafuta mtu wa kumwambia. Utafutaji huo ndio sura ya sita ya riwaya hiyo.

Kitabu kilipotoka 2015, mzazi mmoja alisimama katika mkutano wa wazazi shuleni akasema, "Mwalimu, toa hiyo sura, unafundisha watoto wetu uchafu." Akajibu, "Watoto wanajua. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuwasikiliza." Nakala zikafungiwa stoo, naye akahamishiwa mbali, upande wa Bomet, na kanisani wengine wakaacha kumsalimia. Hata sisi wa nyumbani tulimsihi aitoe, naye, akiwa amechoka, karibu akubali.

Mwaka 2019 alipokea barua ya msichana wa Kericho, ambaye hatutamtaja, ingawa ametukubalia tuseme haya: alisoma sura hiyo kwa nakala ya kuazima, akamwambia shangazi yake, na aliyemdhuru akafungwa. Mwalimu alisoma barua mara mbili, akasema, "Kumbe ilifika," akaenda kulala mchana ule, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwake.

Figo zilianza kumsumbua 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi tarehe 3 Februari 2025 alipotuacha hospitalini Kaplong.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochuma chai yetu tulipokuwa wodini, na walimu wenzake. Na kwako Mama, tuliokuomba uitoe sura ile tunakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote.

Pumzika sasa, Mwalimu, kwa amani tuliyokunyima.