Supu ya Mwani Siku ya Mtihani

Asubuhi, katika basi la kutoka Wando, kisiwa cha mwani huko Korea, kiti cha mbele yangu, bibi mmoja muuza mwani alimfungulia chupa ya supu kijana wa suti aliyeketi kando yake. Kijana akajibana dirishani. "Bibi, leo hapana! Natetea tasnifu yangu. Ukinywa supu ya mwani siku ya mtihani, unateleza, unafeli!"

"Tasnifu yenyewe ya nini?"

"Ya kemikali zinazokamuliwa kwenye mwani. Kama zinaweza kuua seli shina za saratani ya ubongo, zile zinazoifanya irudi."

Bibi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Wee! Mwani unautaka vichwani mwa watu, na wewe unauogopa tumboni?"

"Bado tuko kwenye visahani vya maabara, bibi. Mtu hatujamgusa."

"Basi anza na wewe! Umesoma miaka yote hiyo, uje uangushwe na kijiko?"

Nilitaka kumuunga mkono bibi. Lakini mimi mwenyewe, nilipofanya mtihani wa shule ya usiku nikiwa na miaka hamsini, supu hiyo sikuigusa mwezi mzima, na nilifaulu vizuri sana.

Basi likasimama mbele ya chuo kikuu. Kijana akanywa kijiko kimoja harakaharaka, akamwinamia bibi kwa shukrani, kisha akateremka ngazi taratibu, ameshika chuma kwa mikono miwili.