Marlys Tveit, Aliyevua Miguuni Pake

Wasikilizaji wapendwa, kahawa ya pili imeshamiminwa hapa Nordby, na kama kawaida ya Jumapili tunakaa kidogo na mmoja wetu aliyetutoka. Leo tunamkumbuka Marlys Tveit. Marlys Tveit alifariki Jumanne iliyopita, kitandani kwake, akiwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa mtengeneza nywele. Alikuwa mvuvi wa ukingoni. Na alikuwa mtu wa dharau.

Hilo la tatu familia imeomba lisiachwe. Binti yake, Renae, alipiga simu kutoka Duluth akasema: "Ukimfanya Mama kuwa mpole, watu watadhani umekosea jeneza."

Basi hatutamfanya mpole.

Wengi wenu mlikaa kwenye kiti chake pale Barabara Kuu. Mnakumbuka alivyokuwa akizishika nywele zenu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi ya mgeni, na kuuliza: "Nani alikufanyia hivi?" Mara nyingi ilikuwa yeye mwenyewe, mwezi uliopita. Hakujali.

Lakini dharau yake kubwa aliiweka ziwani. Marlys hakuwahi kumiliki boti. Alivua akiwa amesimama ukingoni, kwa fimbo moja na vyambo bandia vitatu: kijiko cha bati chenye ndoana, mnyoo wa mpira, na samaki wa mbao aliyechubuka rangi. Vitatu tu. Mwenye sanduku la vyambo mia alimwita mchuuzi.

Alivua samaki wa aina mbili. Besi, yule mnene mwenye mdomo mpana, anayejificha chini ya majani na magogo. Na paiki, yule mrefu mwenye pua ya bata na meno ya kukata mshipi. Hao wawili tu, na wote kutoka ukingoni.

Naye alikuwa na jambo moja alilolirudia kwa kila mteja. "Wenye boti," alisema, "wanarusha chambo kuelekea ukingoni. Walio ukingoni wanarusha kuelekea katikati. Kila mmoja anavua pale aliposimama mwenzake. Na hawa ndio tunaowapa leseni ya kuendesha magari."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Marlys alikuwa na mdogo wake wa kiume, Verlyn Haugerud. Verlyn mnamjua. Ndiye mwenye boti nyekundu inayometameta, yenye skrini mbili za kuonyesha samaki chini ya maji. Verlyn anavua besi peke yake, kwa mashindano. Paiki kwake si samaki. Anamwita nyoka. Na kwa miaka mingi Verlyn na wenzake walipomnasa paiki kwa bahati mbaya, walimtupa kwenye mawe afe hapo. Marlys alipita na ndoo, akawaokota, akawapeleka nyumbani. Aliwatazama tu wale wanaume, mmoja mmoja, kama anavyotazama nywele.

Dada na mdogo wake walidharauliana hivyo kwa miaka arobaini. Krismasi walikula meza moja.

Halafu likaja suala la Ghala la Barafu.

Ghala la Barafu ni kile kipande cha ukingo chini ya kilima cha kanisa. Ghala lenyewe halipo tena. Ni nyasi, mawe, mti ulioangukia majini, na matete. Lakini ndipo mahali pekee kwenye ziwa letu ambapo mtu asiye na boti wala nyumba ya ufukweni anaweza kuyafikia maji. Narudia, mahali pekee. Na mwenye vibanda vya kupangisha watalii alitaka kupakodisha, ajenge gati la boti za wageni wake.

Verlyn alikuwa katika halmashauri ya mji. Halmashauri ina watu watano, na mwenyekiti wakati huo alikuwa Orpha Sletten. Mkutano ulikuwa Mei, miaka kadhaa iliyopita. Darlene, mke wa Verlyn, alikuwa pembeni akimimina kahawa, na ni yeye aliyetusimulia yaliyosemwa.

"Pale havuliwi kitu," Verlyn alisema. "Tunalinda magugu."

"Navua pale kila wiki," Marlys akasema kutoka nyuma.

"Wewe, dada. Wewe ukirusha kwenye ndoo ya kudekia utapata. Mahali pa mtu mmoja si mahali pa umma."

"Haya, nipe mtu mwingine. Mchague mwenyewe. Nipe mjinga kuliko wote unaowajua, isipokuwa wewe, maana sina muda mwingi hivyo."

Watu walicheka. Verlyn aliangaza macho chumbani. Macho yake yakasimama penye birika la kahawa.

"Mchukue Darlene," alisema.

Watu walicheka tena, na safari hii walicheka zaidi.

Darlene alikuwa ameolewa na Verlyn miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi kupanda boti ile. Hakuwahi kushika fimbo. Aliendelea kumimina kahawa mpaka kikombe cha Orpha kikafurika kwenye kisahani.

Orpha aliweka masharti, na hakuna aliyepinga. Jumamosi ya pili ya Juni. Darlene avue kutoka ukingo wa Ghala la Barafu, kwa chambo bandia, kwa mkono wake mwenyewe. Akipata samaki kabla ya kengele ya adhuhuri ya kanisa, ukingo unabaki wa watu wote. Asipopata, gati linajengwa.

Darlene alikwenda kwa Marlys kesho yake. "Wifi, mtafute mtu mwingine."

"Nilimwomba mjinga, akanipa wewe," Marlys alisema. "Hajui hata kuchagua mjinga. Vua hivyo viatu, vinapiga kelele."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. Samaki wa ukingoni anasikia miguu yako kabla hajaona chambo chako. Marlys alimfundisha kutembea kwenye nyasi kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala, na kusimama hatua chache nyuma ya maji.

Somo la pili lilichukua siku nyingi zaidi. Darlene alirusha kijiko kwa nguvu zake zote kuelekea katikati ya ziwa.

"Kuna nani huko?" Marlys aliuliza.

"Samaki."

"Umeandikiana nao barua? Rusha hapa, sambamba na ukingo. Kando ya matete. Samaki anakuja kula vidogo vinavyojificha kwenye majani, na majani yako hapa, miguuni pako. Unarusha mbali kwa sababu unaona aibu ya kusimama hapa. Mume wako naye ana boti kwa sababu hiyohiyo."

Darlene alirusha sambamba. Chambo kikanasa kwenye mti ulioanguka. "Vizuri," Marlys alisema. "Usiponasa kwenye mti, hauko karibu na samaki. Kavunje kijiti ukitoe."

Alimfundisha kufunga kipande cha waya kati ya mshipi na chambo, kwa sababu ya meno ya paiki. Alimfundisha kuvuta polepole, kisha polepole zaidi, na mnyoo wa mpira kuuacha utue chini ukae kwanza. Alimfundisha kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki, na kutoa ndoana kwa koleo, si kwa vidole. Na kila kitu alikifundisha kwa matusi. "Unavuta kama unamkimbia mwenye nyumba," alimwambia. "Unashika fimbo kama mfagio. Hata mfagio haushikwi hivyo."

Wasikilizaji wapendwa, katika wiki zote hizo Darlene hakupata samaki hata mmoja. Nasema tena, hata mmoja.

Jumamosi ikafika. Halmashauri ililetewa viti vya kukunja. Walikuwapo watu wa kanisani na mikate yao ya mayai, na mwenye vibanda akiwa na futi ya kupimia. Verlyn alikuja kwa boti. Alitia nanga mbele ya ukingo, akakunja mikono. Katika saa ya kwanza, hakuna kitu. Katika saa ya pili pia hakuna.

Kisha chini ya ule mti maji yalifanya kishimo, na mshipi wa Darlene ukakaza. Alikuwa besi, na alikuwa mkubwa. Kila mtu alimwona aliporuka.

"Shusha fimbo," Marlys alisema kwa sauti ndogo. "Mwache achoke."

"Mnyanyue, Darlene," Verlyn alipaza sauti kutoka kwenye boti. "Mnyanyue umtupe nje."

Kwenye boti yake ndivyo wanavyofanya. Wana mishipi minene kama kamba za viatu. Mshipi wa Darlene ulikuwa mwembamba. Lakini alikuwa amemtii mwanamume yule miaka thelathini na mmoja, na mikono yake ikatii kabla yeye hajafikiri. Alinyanyua. Mshipi ukakatika. Besi akaenda zake.

Verlyn alitikisa kichwa. "Nilisema," alisema, ingawa hakuna aliyekumbuka alisema nini.

Darlene alidhani Marlys atamtukana. Hakumtukana. Alikaa kwenye jiwe, akafunga waya mpya, akafunga kijiko, akamrudishia fimbo. "Alinitazama," Darlene anasema, "kama anavyomtazama mteja anayeomba nywele za mtu mwingine. Akaniuliza: 'Wifi, yule samaki ulikuwa unamvulia nani?'"

Darlene aliigeuzia boti mgongo. Kwa kuwa alikuwa amegeuka, alijikuta anatazama upande wa matete, ambako maji yanamfika mtu magotini. Akarusha huko, sambamba na ukingo.

Alivuta polepole. Kijiko kilipokaribia, aliona nyuma yake kivuli kirefu kikifuata. Mvuvi anayeanza, hapo hunyanyua chambo ili atazame vizuri, na samaki hugeuka. Darlene hakunyanyua. Alizamisha ncha ya fimbo majini akakizungusha kijiko mbele ya vidole vyake vya miguu, duara pana, kisha la pili.

Paiki alikula katika duara la pili. Maji yaliwarukia hata waliokaa kwenye viti.

Safari hii Verlyn alipaza sauti tena, na Darlene anasema hakusikia alichosema. Fimbo ilibaki chini. Alimwacha paiki akimbie, akamvuta, akamwacha tena. Waya ulishika. Mwishowe alimwingiza kwenye wavu, samaki mrefu kama mkono wake, na kengele ya adhuhuri ilikuwa bado.

Verlyn aling'oa nanga akasogea. "Huyo hahesabiki," alimwambia Orpha. "Yule ni nyoka mwenye mapezi. Tulisema samaki. Huwezi hata kumla, mwili mzima ni miiba."

Orpha alianza kufikiri, na mnajua Orpha akianza.

Darlene ndiye aliyejibu. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, mkono mmoja umeloa, mwingine una koleo.

"Umemla kila mkesha wa Krismasi tangu tuoane," alisema.

"Nakula heringi, samaki wa baharini wa kwenye chupa."

"Heringi hajawahi kuingia nyumbani kwangu. Unakula paiki wa wifi, wale mnaowatupa kwenye mawe. Anawaweka kwenye siki na vitunguu, siki inalainisha miiba. Mwaka jana ulikunywa mpaka maji ya chupa, Verlyn, ukasema wazee wetu wa Norwei walijua kuishi."

Hapo hakucheka mtu mmoja mmoja. Kilima kizima kilicheka. Darlene alitoa ndoana, akamshikilia paiki majini mpaka akapiga mkia, akamwachia. Halmashauri ilipiga kura palepale. Wanne kwa mmoja. Yule mmoja mnamjua.

Tangu siku hiyo, Marlys na Darlene walivua pamoja Ghala la Barafu kila Jumamosi, mpaka mikono ya Marlys iliposhindwa kufunga fundo. Baada ya hapo Darlene alifunga, na Marlys alikaa kwenye kiti akisema fundo ni baya. Darlene aliulizwa wiki hii kama wifi yake alipata kumsifu hata mara moja.

"Hapana," alisema. "Alinikosoa tu. Lakini nyumbani kwangu hakuna aliyenikosoa, kwa sababu hakuna aliyetazama nilichokuwa nafanya."

Verlyn naye alizungumza kwenye maziko, Ijumaa. Alisimama akiwa na karatasi, akaikunja. Alisema sentensi moja: "Dada yangu alinidharau maisha yake yote, nami sikuwahi kumpa sababu ya kuacha." Akakaa. Wengi waliona ni hotuba nzuri. Marlys angesema ilikuwa ndefu.

Kituo hiki kinatoa pole kwa Renae na watoto wake. Kinatoa pole kwa Darlene, aliyepoteza wifi na mwalimu. Kinatoa pole kwa Verlyn. Mungu ampumzishe Marlys, na huko aliko awavumilie aliowakuta.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjanyanyuka, mfikirieni mtu mmoja. Mfikirieni yule ambaye mngemtaja haraka, mbele ya watu, mkiombwa mjinga. Mkishampata, nendeni mkakae karibu naye, mtazame anachofanya.

Jana asubuhi Darlene alikuwa Ghala la Barafu peke yake, bila viatu. Boti nyekundu ilipita. Ilipofika mbele yake ilipunguza mwendo hadi karibu kusimama, ili mawimbi yasiyachafue maji anapovua. Haijawahi kufanya hivyo. Ikaambaa hivyo, polepole, mpaka ikaupita ukingo wote.

Darlene aliisikia. Hakugeuka. Alikuwa anavuta.