Mafunzo ya Nyuma ya Pazia, Karungu

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Daktari Risper, mwalimu wa wanafunzi wa udaktari. Wazazi na wageni wote, hamjambo.

KARIBU
Sisi ni wazee wa Karungu tunaojilaza kitandani ili wanafunzi wajifunze kutumia altrasaundi, mashine inayoonyesha picha za ndani ya mwili. Tunakukaribisha kwa heshima. Lori ulilokuja nalo tumeliona. Nalo tunalikaribisha, na tungependa lirudi tupu.

HISTORIA
Mashine hii yenye magurudumu ililetwa mwaka 1995. Daktari Risper alipotuomba matumbo yetu tulicheka, kisha tukakubali kwa sharti moja: kabla shati halijafunuliwa, mwanafunzi ataje ukoo wake, kwa kuwa kwetu mkwe haoni tumbo la mkwe.

MAFANIKIO
Mwaka jana Mzee Matiko wa Ogwedhi alikuja kuzungumzia mahari ambayo mwanawe angemtolea Lynnet, mwanafunzi, mjukuu wa mwenyekiti wetu. Kabla ya mazungumzo alishikwa na homa kali na maumivu ya ubavu. Daktari Risper alikuwa Homa Bay. Kati ya wanafunzi waliobaki, ni Lynnet tu aliyekwisha kujua kuisoma picha ya ini.

"Heri nife," Matiko alisema, "kuliko mkamwana wangu kuniona tumbo!"

Lynnet alisimama mlangoni. Akiingia, amemvunjia heshima baba mkwe. Akiondoka, amemwacha afe. Akaitisha shuka, akaifunga iwe pazia, akaigeuza mashine ili kioo kimwelekee yeye. Mwenzake Bravin akakishika kichwa cha mashine, kile kinachopitishwa juu ya tumbo, upande wa mgonjwa.

"Kulia, Bravin. Si kulia kwako, kulia kwa mzee! Sasa shika pumzi, mzee."

"Nani huyo anayeniamuru?"

"Ni pazia, mzee," Bravin akajibu.

"Haya. Liambie pazia nimeshika."

Lynnet aliliona jipu ndani ya ini. Matiko alipelekwa Homa Bay, akatolewa usaha, akapona. Mwenyekiti hakumsifu mjukuu wake. Alimwuliza tu kama alinawa mikono. Tangu hapo Daktari Risper huwafundisha wote hivyo: mmoja anashika, mwingine anaongoza kwa maneno akiwa nyuma ya pazia.

MATATIZO
Jenereta huzimika. Shuka imechakaa. Tena tumearifiwa kwamba mashine inahamishiwa mjini, itumiwe na wataalamu pekee. Wanafunzi watabaki na michoro ya ubaoni, na ubao hauna ini.

MAOMBI
Hatuombi mashine ya pili. Tunaomba hii isipakiwe kabla hujawaona wakifanya kazi. Kitanda kimetandikwa. Ukoo wako tumeuulizia, na miongoni mwa wanafunzi huna mkwe. Hata hivyo Lynnet ameomba abaki nyuma ya pazia, kwa heshima. Tafadhali, Bwana Mganga Mkuu, vua koti, ujilaze kidogo. Dereva wa lori tumemwandalia chai.

Mwenyezi Mungu akulinde, na kama kuna lolote tumboni mwako, alionyeshe mapema, hapa hapa Karungu.

Ni sisi,
Wazee wa Kitandani, Karungu.
Imesomwa na Javan Ogwang, Mwenyekiti.