Nilivyotolewa Kwenye Kihenge

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe sana, kwa sababu mimi nilimwamkia mama mkwe wangu nikiwa ndani ya kihenge cha kuwekea mtama, nimelowa chapachapa, kipisi cha sigara kimeganda mdomoni.

"Shikamoo mama."

Akaitikia, ndoo tupu mkononi. "Marahaba, Baba Neema. Toka humo."

Ngoja nirudi nyuma. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwenye kuvuta nilifika chuo kikuu! Zamani sigara ilikuwa ya kutafuta. Ilipokuja biashara huria, Shabani akafungua duka hapa Unyambwa, akauza moja moja, na kiberiti akakifunga kamba mlangoni tujiwashie wenyewe. Na mwanangu Neema ana pumu! Akipumua kifua kinalia kama filimbi.

Kliniki tunakompeleka, muuguzi Sista Anjela akatukusanya wazazi tunaovuta: wakulima, madereva wa malori, na mama mmoja mfanyabiashara wa mjini, hina mpaka kwenye viwiko. Akasema kuacha kuna hatua tano: hujafikiria, unafikiria, unajiandaa, unaacha, unadumu. Kila mtu ataje yake. Yule mama akasema ameacha juzi, tukampigia makofi. Mimi nikasema najiandaa.

Ndugu zangu, nilijiandaa miaka miwili! Shabani akiniona tu: "Baba Neema, uko hatua ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi chukua mbili za maandalizi."

Nachukua!

Mke wangu akapiga marufuku moshi nyumbani. Ndipo shemeji yangu Elisha, huyu anayeimba besi kwenye kwaya, akanishauri: "Shemeji, kihenge si kitupu? Ingia humo, moshi hautamfikia mtoto." Tukawa tunapokezana, mmoja ndani, mmoja analinda. Siku hiyo mama mkwe akatokea kutoka Kinampanda bila taarifa, amekuja kumwona mjukuu. Elisha kumwona mama yake, akanifunika, akaweka na kinu juu ya mfuniko, akatokomea!

Moshi ukanijaa. Navuta pumzi, haiji. Navuta tena, kifua kikalia filimbi. Ile ile ya Neema! Nikalia, Mungu wangu, kumbe mtoto anaishi humu kila siku, na aliyemfunika ni mimi!

Mara yowe, "Moto! Moto!" Mfuniko ukaondoka, ndoo nzima ikanishukia. Mama mkwe akanivuta kwa mkono, mkono ambao kwa heshima ya ukwe sikuwahi kuugusa tangu nioe!

Tangu hapo sijavuta. Niko hatua ya tano, na Neema yule pale anaimba na watoto wenzake, kifua kimetulia. Ahsante Yesu! Nawe mzazi, hata ukianguka, mshike Bwana uanze tena. Ila usikae kwenye maandalizi!

Shabani ni mtu wa msikitini, salamu zangu atazipata. Lakini wewe Elisha, usijifiche nyuma ya wenzako wa besi. Mama yako amekaa pale mbele, na mpaka leo anauliza kinu kilipandaje juu ya kihenge. Simama umjibu!