Marehemu Nashoni Malimi Seni, Baharia Aliyepandisha Beseni Ilula

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Uyole kutoka Usangu, Ilula, Kalenga na kwingineko, familia inawasalimu na kuwashukuru. Tumekuja kumsindikiza Mzee Nashoni Malimi Seni, mtu ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake alisema kweli na watu wakacheka. Tutajitahidi kuyaeleza yake kwa kifupi, ingawa mwenyewe kifupi hakukijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1955 wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Malimi Seni na mkewe Minza. Alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe kama watoto wote wa nyumba ile, na mpaka anazeeka aliweza kumtaja kila ng'ombe wa baba yake kwa rangi na kwa tabia. Majina ya wajukuu aliyachanganya. Ya ng'ombe, kamwe.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kwimba kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Siku moja Mwalimu Blandina, aliyewafundisha jiografia, alichora bara la Afrika kwenye vumbi la uwanja wa shule, kisha akaburuza kisigino pale Misri. "Hapa watu walichimba," akasema. "Bahari mbili zikakutana, Afrika ikaachana na Asia." Nashoni akanyoosha kidole. "Mwalimu, sasa ng'ombe wanavukaje?" Walimcheka mpaka kengele ikalia. Mwalimu Blandina hakucheka. Alimwambia, "Sijui. Nenda ukaangalie, uje unijibu."

Mwaka 1972 Mzee Malimi, akitafuta malisho, aliihamishia familia Usangu. Walikwenda kwa miguu wakiswaga mifugo, safari ya miezi mitatu na nusu. Miaka mitano baadaye marehemu alitumwa kusindikiza ng'ombe kwa treni ya TAZARA hadi mnada wa Pugu. Ng'ombe waliuzwa, wenzake wakarudi, yeye akaomba siku mbili aione bahari. Siku mbili zile zilichukua miaka ishirini na miwili.

Alianza kama kuli bandarini Dar es Salaam, na Oktoba 1979 akaajiriwa kuwa baharia wa sitaha kwenye meli ya mizigo ya Wagiriki. Aprili 1980 waliingia Mfereji wa Suez. Alitusimulia kwamba alipoamka kwa zamu ya alfajiri hakuona bahari. Kulia mchanga, kushoto mchanga, na mbele yao msafara wa meli, kila moja kubwa kuliko kanisa, zikitembea jangwani bila kelele. Alidhani ana homa. Kisha akaona pembeni pantoni limebeba malori, watu na mbuzi, likisubiri meli zipite. Bandari iliyofuata alinunua kadi ya posta akaiandika kwenda Kwimba: "Mwalimu, wanavuka kwa pantoni. Nashoni." Baada ya miezi minne jibu lilimfikia: "Asante. Sasa nawafundisha hivyo."

Ujerumani alipita Mfereji wa Kiel, unaokata mashamba kutoka bahari moja hadi nyingine, na huko ng'ombe wenye mabaka walikuwa wakila majani mita chache tu kutoka ubavu wa meli, bila hata kuinua kichwa. "Ng'ombe wa kule wameshazoea meli," alikuwa akisema, "kama wa kwetu walivyozoea ndege yangeyange mgongoni." Ugiriki wenzake walimpeleka kuuona Mfereji wa Korintho. Jabali limepasuliwa toka juu hadi chini, kuta zimesimama wima mita themanini, na kule chini kuna ukanda wa maji ya bluu mwembamba kiasi kwamba meli yao isingeingia. Alisimama darajani akakishika chuma kwa mikono miwili. Alisema alimwogopa binadamu siku ile, kwa heshima.

Lakini Panama ndiyo iliyomteka kabisa. Walifika huko Februari 1983. Nchi ile ina mgongo wa vilima katikati, na wachimbaji waliona ni afadhali kuipandisha meli kuliko kuuondoa mlima wote. Meli inaingia kwenye chumba cha zege. Geti la nyuma linafungwa. Maji yanaachiwa kutoka juu, na meli nzima, na mizigo yake, na mabaharia wake, na chungu cha maharage kilichoko jikoni, inainuka taratibu mpaka ilingane na chumba kinachofuata. Ndipo geti la mbele linafunguliwa. Vyumba vitatu tu, na umeshapanda mita ishirini na sita, urefu wa mlingoti mkubwa. Huko juu kuna ziwa, na visiwa vya ziwa hilo ni vilele vya vilima vilivyozama. Hakuna pampu inayoyapandisha maji yale. Ni maji ya mvua, yanashuka yenyewe, na katika kushuka kwake yanainua meli. Marehemu alivua kofia, kwa ajili ya kazi ile na kwa ajili ya maelfu waliokufa kwa homa wakiifanya, na hakuivaa tena mpaka waliposhukia bahari ya upande wa pili.

Vyumba vile vitatu nusura vimnyime mke. Juni 1984, akiwa likizo, alikuwa anakwenda Usangu kwa basi, na basi likasimama Ilula. Binti aliyemuuzia nyanya aliitwa Lea. Hatutasema mengi, ila basi lilifika Usangu bila yeye. Baba yake Lea, Mzee Filemoni Kihwele, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na mwenyekiti wa kamati ya mfereji uliomwagilia nyanya za mtaa mzima. Aliyeiba zamu ya maji, mzee alimjua kwa kuutazama udongo tu. Marehemu alimtafuta mshenga, Mzee Jailos, na siku ya kupeleka posa yeye mwenyewe alitakiwa akae kimya pembeni, mshenga aseme. Alikaa kimya kama dakika kumi.

"Kamwene," Mzee Filemoni alianza kwa salamu ya Kihehe. "Huyu kijana wenu kazi yake nini?"

"Baharia, mzee," Jailos akajibu. "Amepita mifereji mikubwa ya dunia."

"Mfereji ndiyo kazi yangu mimi. Ipi hiyo?"

Jailos akataja wa Misri. Mzee akaitikia, Misri anaijua. Akataja wa Korintho. Mzee akatabasamu kabisa, maana barua zilizokwenda kule alishazisoma zote mbili madhabahuni. Akataja wa Panama.

"Panama haimo kwenye Biblia," mzee akasema. "Huko kuna nini?"

Hapo uvumilivu ukamwisha marehemu. "Huko meli inapanda mlima, baba."

Jailos akamkanyaga mguu. "Mzee, ni namna ya kusema tu."

"Si namna ya kusema," marehemu akasema. "Inapanda. Maji ndiyo yanaipandisha."

Mzee Filemoni akaweka kikombe chini. "Mimi mfereji naujua toka nanyonya. Maji yanashuka. Hayajapanda hata siku moja, hata kwa maombi. Na binti yangu simpi mwongo. Chukueni barua yenu ya posa."

Tumwelewe babu. Mtu wa tambarare unaweza kumdanganya habari za mlima, mtu wa Ilula utaanzia wapi? Na kwa marehemu jambo lilikuwa zito maradufu, kwa sababu alimpenda Lea kweli, na alikuwa ameitwa mwongo mbele yake kwa jambo aliloliona kwa macho yake mawili. Jailos alimshauri aseme alikosea, mambo yaishe. Alikataa kuomba msamaha. Aliomba zamu ya maji.

Alipewa Alhamisi, tarehe 12 Julai 1984, saa mbili hadi saa nne asubuhi, na akaambiwa kwamba ikishindikana asionekane tena Ilula. Siku tano alichimba kwenye mteremko chini ya mfereji. Alitengeneza vyumba vitatu vya kupandiana kama ngazi, akavikandika kwa udongo wa mfinyanzi, akaviwekea mageti ya mbao za makasha ya nyanya. Meli ilikuwa beseni la bluu, na mabaharia walikuwa nyanya tano. Mtaa mzima ulikuja. Wazee wa kanisa walikuja na viti vyao.

Mara ya kwanza alifungua geti la mbele kabla ya kulifunga la nyuma. Maji yalitoka kama ndama waliofunguliwa, beseni likasombwa hadi kwenye kabichi za jirani, na kicheko cha asubuhi ile wapo hapa leo wanaokikumbuka. Mzee Filemoni alikuwa ameshageuka kwenda zake. Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake.

"Nashoni! La nyuma! Si ulisema la nyuma lifungwe kwanza!"

Lea hakungoja jibu. Aliteremka mbio mbele ya baba yake na kanisa lake, akalirudisha beseni chumbani, akalisimamisha geti, na lilipovuja akavua khanga ya mabegani akaishindilia kwenye ufa, akaikandamiza kwa magoti.

"Haya," akasema. "Achia maji."

Beseni likatikisika. Kisha likaanza kupanda, polepole, nyanya tano zikipanda nalo. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Saa nne kasorobo lilikuwa linaelea kwenye mfereji wa juu, usawa wa kifua cha Mzee Filemoni aliyekuwa amesimama bondeni, na maji yaliyolipandisha yalikuwa yanashuka kwenda mashambani kama kawaida yao. Mzee akapanda ukingo, akachukua nyanya moja, akaigeuza, akairudisha. "Imepanda," akasema. Halafu akamgeukia mshenga. "Jailos, barua yenu ileteni Jumapili."

Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1985 Ilula, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza akapewa jina la bibi, Minza. Mzee Filemoni, mpaka alipofariki mwaka 2003, aliwasimulia wageni habari za Panama kana kwamba ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na aliyebisha hakupewa chai.

Marehemu aliacha ubaharia mwaka 1999, akajenga hapa Uyole, na hadi mwaka 2016 alikuwa fundi wa mageti ya maji kwenye mashamba ya mpunga Usangu. Wakulima walimwita na wafugaji walimwita, kwa kuwa alikuwa wa pande zote mbili. Machi 2021, meli kubwa ilipokwama Suez ikaziba njia siku sita, sebule yetu ilijaa majirani. Sedekia, dereva wa lori, aliitazama ile meli iliyolala mshazari kwenye televisheni akasema, "Mzee, hii si lori lililokwama mlima Kitonga kabisa?" Marehemu akamjibu, "Kitonga unaifunga Iringa, mwanangu. Hapo imefungwa dunia." Alikuwa ameahidi kumpeleka mke wake akaione Panama, na ahadi hiyo hakuitimiza. Siku zile mtu alimuuliza Mama kama hilo linamuuma. Mama akasema, "Panama nimeshaiona. Nilipiga magoti ndani yake."

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2022. Alitibiwa hapa Mbeya kwa uangalifu mkubwa, na tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Mwishoni mwa Februari mwaka huu wa 2025 hali ilibadilika, akalazwa. Siku za mwisho hakuzungumza mengi, ila kila alipofumbua macho aliuliza jambo moja: "Mama Minza, la nyuma limefungwa?" Sisi wanawe tulidhani anaota meli. Mama alijua anaulizwa nini. Alikuwa anaulizwa kama yuko tayari kuachwa. Jumapili alimjibu, "Bado." Jumatatu akamjibu, "Bado, baba Minza, subiri kidogo."

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Mama aliagiza aletewe khanga ile ya Ilula, aliyoitunza sandukuni miaka arobaini ikiwa na doa la udongo ambalo hakutaka litoke. Aliitandika miguuni pa mume wake, akaikandamiza kwa viganja viwili. "Nimelifunga," akamwambia. "Achia maji." Saa moja na robo asubuhi marehemu alivuta pumzi moja ndefu, uso ukalainika, akaenda. Tulikuwepo, tukaona.

Marehemu ameacha mjane, Lea Filemoni Kihwele, watoto watatu, Minza anayewasomea haya, Charles na Anjela, wajukuu saba, na dada yake Veronika aliyesafiri kutoka Kwimba. Khanga amekwenda nayo. Mama ndiye aliyesema iwe hivyo.

Baba, hatukucheki tena, tumeona. La nyuma tumelifunga. Pita, upumzike kwa amani.