Hairudi, Fundi Kamera, na Pete ya Lenzi ya Mkewe

Waombolezaji wote, wa karibu na wa mbali, kabla hamjanong'onezana kwa nini picha iliyo juu ya jeneza ni nyeusi kiasi hicho, familia inaomba mvumilie, maana maelezo yake yamo humu, na sisi wenyewe tumeyapata juzi tu, tena kwa vipande vipande.

Marehemu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Hairudi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu na wa kiume wa pekee wa mshona viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, akiwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kuomba radhi, kama dada zake wawili walioketi hapa mbele wanavyoweza kushuhudia.

Mwaka 1966 alianza kujifunza kazi katika duka la picha la mjomba wake, na tarehe 2 Februari 1973 akafungua karakana yake mwenyewe ya kamera, ghorofani juu ya duka la vitasa, chumba chenye dirisha moja na meza aliyoitandika taulo jeupe ili skrubu ikianguka isikimbie. Mlangoni aliandika KAZI YANGU HAIRUDI, na jina likamganda, na aliyethubutu kurudisha kazi alielezwa kwa kirefu jinsi alivyoishika kamera vibaya.

Jumamosi tarehe 12 Julai 1975 alifunga ndoa na mpiga picha za harusi, mama yetu, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba. Agosti 1988 pete ya lenzi ya mama, ile inayozungushwa kuongeza au kupunguza mwanga, ililegea, marehemu akaikaza, akamkabidhi kwa mbwembwe, na kwa miaka thelathini na minne mama akapiga kwa lenzi hiyo picha zisizo na doa.

Novemba 2021 alianza kuugua figo, akawa mtu wa wodi na nyumbani, nyumbani na wodi. Tarehe 26 Aprili mwaka huu wa 2023 pete ile ilianza tena kucheza kama jino la mtoto, akaomba bisibisi yake ndogo, na dada yetu mkubwa, fundi cherehani, akamshikia taa. Alilegeza skrubu tatu, akaivua pete, kisha akaduwaa, kwa sababu alikuta alama ya kiwanda na alama aliyoichonga yeye mwaka 1988 hazikutani, zimepishana hatua mbili, yaani miaka yote hiyo lenzi ilikuwa ikiingiza mwanga kupita kiasi. Aliagiza albamu, akazipitia picha moja moja, zote nzuri, akasema ama macho yake yamekwisha ama picha hizi zina uongo, halafu akaikaza pete mahali pake sahihi na kumwomba dada yetu asimwambie mama, kwani atamwambia mwenyewe.

Jumapili tarehe 30 Aprili mama alimketisha dirishani akampiga picha moja, ya mwisho kwenye filamu. Tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, marehemu alifariki.

Kesho yake mama aliisafisha filamu ile, na picha ikatoka nyeusi, karibu giza tupu. Alilaumu dawa ya kusafishia, akalaumu mikono yake, akalia kwamba amempoteza mara mbili, mpaka dada yetu alipomweleza habari ya alama mbili, ndipo mama akakaa juu ya ndoo, akacheka, akalia upya. Kumbe aliligundua kosa lile tangu filamu ya kwanza, iliyotoka nyeupe kama unga, lakini ataanzia wapi kumwambia Hairudi kwamba kazi imerudi? Akaona afadhali kuzungusha pete hatua mbili zaidi kupunguza mwanga kila apigapo, mkono ukazoea, na Jumapili ile ukazungusha vilevile, kumbe pete ilikwisha rudishwa mahali pake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea maji na viti, mafundi wenzake, na muuza vitasa aliyefunga duka leo. Picha nyingine zipo, lakini mama amekataa kuibadilisha hii. Atakayeisogelea ataona kwamba marehemu ameinua kidole kuelekea kwenye lenzi na mdomo wake uko wazi, kama mtu anayeanza kusema neno, na mama anakumbuka vizuri kwamba alimwambia anyamaze, atulie, asiharibu picha.

Pumzika kwa amani, Hairudi. Mama anasema amekusikia.